Dirisha linalotoka jasho

Nilipoliona lile doa mara ya kwanza nilidhani ni mvua. Halafu nikakumbuka tuko Februari, kaskazi inavuma, na Malindi nzima inalalamika kiu. Doa lilikuwa chini ya pembe ya kushoto ya dirisha, kadiri ya kitumbua, na jipsamu ukiibonyeza kidole kinazama kama kwenye keki mbichi. Hapo usinibishie, maana keki ndiyo kazi yangu.

Chumba chenyewe kiko juu ya nyumba. Kuta za chini ni za zamani, niliambiwa hazitabeba matofali mengine, basi juu nikajenga kwa mbao: fremu za inchi 4 kwa 2, katikati pamba ya glasi ya kuzuia joto, ndani jipsamu, nje mbao za kupaka rangi. Humo ndimo ninamopambia keki za harusi. Siagi na sukari zikipata joto la Malindi zinateremka kama tope, kwa hivyo kiyoyozi kiko nyuzi 21 tangu asubuhi mpaka keki ipakiwe garini.

Nilizungusha silikoni. Doa likarudi. Nikazungusha tena, likaja na mwenziwe wa upande wa kulia, na harufu ya kuvu juu yake. Chumba cha keki kunuka kuvu! Ndipo nikamwita ami mmoja, mtu wa Lamu, fundi wa milango tangu mimi niko shule.

Hakutoa hata nyundo. Aliniomba chetezo. Nikatia kaa na kipande cha udi, akakipitisha polepole kandokando ya fremu. Moshi uliokuwa ukipanda wima ukafika pembe ya kushoto, ukapinda, ukarudi chumbani kama uliopulizwa.

"Mwanangu, hapa hapavuji," akasema. "Hapa panatoka jasho. Weka mkono."

Nikashika fremu. Ilikuwa ya chuma, na grili imechomelewa humohumo, na vyuma vyake vya kushikilia vimepita mpaka kwenye mbao za ndani ya ukuta. Fundi wa kwanza (simtaji, tunasalimiana kila siku) alitaka mwizi asing'oe kitu. Mwizi hakung'oa, lakini joto lilipata njia. Huku jua, huku nyuzi 21, na katikati kipande kimoja cha chuma. Chuma hupitisha joto zaidi ya mara 300 kuliko mbao laini. Alumini, ambayo majirani wote walinishauri nibadilishie, hupita mara 1,000. Wajenzi wa nchi za baridi hupaita mahali kama hapo daraja la joto. Kwao joto la nyumba hutorokea nje na maji hutanda upande wa ndani. Kwetu wenye kiyoyozi mambo yamegeuka: joto linaingia, na maji hujitengeneza pale hewa ya nje inapogusa kitu kilichopozwa. Hewa ya nyuzi 31 yenye unyevu wa asilimia 75 inaanza kuacha maji ikikuta kitu cha nyuzi 26 hivi. Chumba changu kiko chini ya hapo kutwa.

Tulipobandua jipsamu nilitamani kulia. Nyuma yake kulikuwa na nailoni nyeusi imenyooshwa vizuri, imepigwa stepla kila shubiri. Mtu aliona video ya nyumba za theluji. Kule nailoni hukaa ndani kwa sababu unyevu unatoka kwa watu na sufuria zao. Hapa unyevu unatoka baharini. Ulikuwa ukiingia kwenye nafasi kati ya dirisha na ukuta, nafasi iliyoshindiliwa karatasi za mifuko ya saruji, unapita kwenye pamba, unagonga nailoni baridi, na hapo unabaki. Pamba ilikuwa nzito kama nguo ya kufua. Mbao ya chini ya dirisha imeanza kuwa nyeusi.

Ami alifanya kazi siku nne. Nailoni ikatoka, mbao iliyooza ikakatwa. Fremu mpya ni ya mbambakofi, na hakuiweka ukingoni mwa nje kama ile ya kwanza, aliirudisha katikati ya unene wa ukuta, isimame sambamba na pamba. Juu ya dirisha palikuwa na mbao mbili nzito zimegandana, hakuna hata uwazi wa kutia pamba. Akazitenga, katikati akabana ubao wa povu. Pembeni aliacha nafasi ya kidole, akaijaza povu kwa mkono mwepesi maana likizidi linapinda fremu. Upande wa nje akavika karatasi ya kuzuia upepo na maji, akaikunja mpaka ndani ya tundu la dirisha. Kizingiti cha chini kimelala kuelekea nje. Grili ipo, ila imefungwa kwenye mbao za nje tu, haigusi fremu. Ndani jipsamu na rangi ya maji. Ya mafuta aliikataa, anataka ukuta uweze kukauka.

Mamangu alikuja kutoka Mkomani akatazama vumbi lote lile. Nyumba yake ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, kuta karibu nusu mita, na hajawahi kumiliki kiyoyozi. "Si ufungue dirisha," akasema. Mama, na keki?

Kioo ni cha tabaka moja bado, bei ya tabaka mbili ilinishinda, kwa hiyo asubuhi nje kinakuwa na umande nikaufuta kwa kitambaa. Jana nilipitisha chetezo tena. Moshi ulipanda wima pembe zote isipokuwa kwenye komeo la shaba, ambalo lina tone moja dogo linaloning'inia. Ami nimeshampigia. Anasema nitafute kipande cha ngozi ya kiatu, Jumamosi atapita.