Bibi Amelala

Juzi msibani shangazi mmoja alimvuta mjukuu wa marehemu, akamnong'oneza: "Babu amelala tu." Nikamkumbuka yule kijana wa daftari, aliyeletwa kwangu kliniki.

Miaka 9, darasa la tatu. Shuleni walishamwita mkorofi: hatulii, anapiga wenzake. Kila usiku mama alimpa kijiko cha Piriton. Nikamwambia aache; ile ni dawa ya mzio, usingizi wake mwili huuzoea upesi, na watoto wengine huwachachamaza badala ya kuwalaza. Hakoromi, tezi za koo hazikuvimba; si pumzi iliyomkatizia usingizi. Basi nikawapigia mistari daftarini: kila usiku mstari, kila saa kisanduku, wiki mbili. Akipanda kitandani, weka alama. Akilala kweli, paka penseli.

Waliporudi tulilifungua mezani. Saa 3 usiku, alama. Halafu weupe. Weupe mpaka saa 6, ukurasa mzima, kama pengo la jino. Saa 11 alfajiri penseli inakatika, gari la shule. Masaa 5, na umri ule unataka 9 hadi 12. Mtu mzima aliyekesha husinzia. Mtoto mara nyingi huchachawa, akaitwa mtundu.

"Mbona huwa kimya?" mama akasema. "Nilijua amelala."

Kijana akaweka kidole kwenye weupe. "Hapa nakaza macho yasifunge."

"Kwa nini, baba?"

"Bibi si alilala?"

Mama akaanza kukunja pembe ya ukurasa, akaikunjua, akaikunja tena.

Jioni hiyo alimwambia kwamba bibi alikufa, kwa ugonjwa wa moyo. Saa ya kupanda kitandani tukaisogeza hadi saa 5 na nusu usiku, karibu na usingizi wake halisi, ili asigaagae na hofu. Akizoea, tunairudisha nyuma dakika 15. Chai ya rangi ya jioni tukaifuta. Kuamka ni saa ile ile, hata Jumapili. Hapo ndipo walipoteleza: wikiendi moja ya wageni aliamka saa 4 asubuhi, na Jumatatu weupe ukarudi.

Ngumi zilipungua, hazikuisha. Zilikuwa za usingizi ngapi, za bibi ngapi, sikuweza kuzitenganisha.

Na juzi? Mtoto aliuliza, "Ataamka saa ngapi?" Shangazi akamwongezea andazi. Nami nikainamia kikombe changu.