Boti ya kwenda wapi?

Leso zilifika juzi na basi kutoka Mombasa, bado ngumu kwa wanga na zina ile harufu ya dukani. Binti yangu akaitandaza moja sakafuni, akasoma huku akifuata kwa kidole: Mvumilivu hula mbivu. Akahamia yale maandishi madogo ya pembeni, Mali ya Abdulla.

"Mama, kumbe ni Abdulla anayeandika haya maneno?"

Nilicheka. Halafu nikakumbuka ile boti.

Ilikuwa 2016, baada ya yale mambo ya Nairobi, nimerudi kukaa kwa shangazi na kompyuta ambayo ukichomoa waya inazima. Usiku nilikuwa nachezea Cheap Bots, Done Quick, tovuti ya kuundia boti, yaani programu ndogo inayotuma maneno Twitter yenyewe. Ulikuwa unaingia kwa akaunti yako ya Twitter, unabandika orodha za maneno kwa mtindo wa Tracery, ile lugha ndogo aliyoitunga Kate Compton, unachagua itume kila baada ya muda gani, basi. Mimi nilichukua methali nikazikata katikati. Orodha moja nikaiita mwanzo, ya pili mwisho, kisha nikaandika #mwanzo# #mwisho#, kila jina katikati ya alama mbili za reli. Mashine ilikuwa inaokota kimoja huku na kimoja kule. Mianzo 23 kwa miisho 19 ni methali 437, na zote zinaenea katika herufi 140 za wakati ule.

Usiku wa kwanza wote uliliwa na mkato mmoja niliousahau mwishoni mwa orodha. Wa pili uliliwa na ngeli. Wenzetu wa Kiingereza wamewekewa njia ya kubadilisha umoja uwe wingi. Mimi nilikuwa napata "haba na haba hana neno" na nywele zinanisimama. Mpaka nilipogundua hu-. Hujaza, hula, hushuka, huvunjika: hu- haiulizi mtenda ni wa ngeli gani. Nikatupa miisho mingine yote nikabaki na ya hu-, na hapo mambo yakanyooka. Haba na haba huvunjika guu. Mpanda ngazi hula mbivu, ambayo kusema kweli ina mantiki kuliko ile ya asili.

Asubuhi nikamwambia shangazi nimeunda boti.

"Boti ya kwenda wapi?"

Nikamweleza. Alikuwa ameketi mkekani anapanga leso za kuuza, anahesabu kwa midomo. Miaka yote hiyo ya kuuza leso ilikuwa imemfunza kwamba mteja haulizi rangi kwanza, huuliza inasema nini, maana anayo mtu anayetaka kumfikishia. Akasema, hebu nisomee. Nikawa nabonyeza kile kitufe cha kuonyesha sampuli, nasoma, na yeye anacheka mpaka anashika mbavu. "Mchelea mwana kulia hujaza kibaba! Hiyo nitaiuza, wallahi."

Nikabonyeza tena, nikasoma kabla ya kufikiri.

"Mvumilivu hulia mwenyewe."

Mkono wake ulibaki juu ya leso aliyokuwa akiikunja. Hakusema kitu. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la leso aliyojifunga, polepole, kioo kimoja kisha cha pili, kisha akarudia kile cha kwanza. Nilijaribu kusoma jina la leso yake, lakini lilikuwa limekunjwa kwa ndani. Feni iligeuka kwetu, ikageuka ukutani, ikarudi.

"Huyo boti wako anamfumba nani?"

"Hamfumbi mtu, shangazi. Anaokota tu. Hata hajui maana."

"Basi mbona limenifika?"

Sikuwa na jibu. Nikabonyeza kitufe haraka, ikaja ile ya ngazi na mbivu, akacheka kidogo kwa heshima, akaendelea kuhesabu, akakosea, akaanza upya.

Usiku ule nilimfuta Mvumilivu katika orodha. Nilijiambia ni kwa ajili yake. Huenda nilikuwa naogopa tu nisije nikaulizwa tena. Ile sentensi haikutumwa popote, tuliiona sisi wawili kwenye sampuli na ikaishia pale. Boti yenyewe ilipata wafuasi wachache, ikawa inatuma moja kwa siku, nikaizoea kama jogoo wa jirani. 2023 Twitter wakafunga mlango wa bure wa kutumia mitambo yao, na boti nyingi za namna hii zikanyamaza, yangu ikiwemo. Shangazi hakuwahi kuiulizia.

Sasa ana leso tele pale nyumbani, na katika zote amenichagulia hii.

"Si Abdulla," nikamwambia binti yangu. "Hiyo ni alama ya wenye kuitengeneza. Maneno wanatunga watu."

"Wanamwambia nani?"

Nikamtuma makasi. Leso ilikuwa bado haijakatwa.