Buji ya Baba

Nilijifunza kuhesabu kwenye uwanja wa ndeke wa Luano, si darasani. Ilikuwa miaka ya 1960, na Baba alikuwa mekanisie wa ndeke za Air Congo hapa Lubumbashi. Wazee wengi walikuwa bado wanauita mji Elisabethville.

Ninakumbuka alfajiri ya mwezi wa saba, baridi ya Katanga ikiuma masikio. Baba na mwenzake wanashika panga la propela ya ndeke ya DC-3, wanalisukuma kwa mikono, wanapokea linalofuata. Kazi yangu ni kuhesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, mpaka kumi na mbili. "Usiruke hata moja, mwanangu."

Moteri zile zilikuwa za duara, silinda 14 katika safu mbili za saba saba. Ndeke ikilala usiku, oili inateremka polepole na kujaa katika silinda za chini. Oili haibanwi kama hewa. Ukiwasha moteri bila kuizungusha kwanza, pistoni inaigonga oili ile na mkono wake unapinda. Ndiyo maana walisukuma taratibu huku wakisikiliza. Panga likigoma, halilazimishwi: unafungua buji za chini, yaani plagi zinazotoa cheche, oili inamwagika, unaanza upya. Nilimwona Baba akifanya hivyo asubuhi nzima, abiria wamekaa juu ya mizigo yao, na hakuna aliyethubutu kumharakisha.

DC-4 ilikuwa kazi nyingine kabisa. Moteri nne, kila moja na silinda 14 vilevile, kila silinda na buji mbili. Piga hesabu: buji 112. Alizisafisha moja moja. Nilipoingia darasa la kwanza wenzangu walikuwa wanahangaika na ishirini. Mimi nilishafika mia moja na kumi na mbili zamani.

Jioni, karibu na mbabula, jiko letu la makaa, alitusimulia safari za kwanza za ndeke. Ile aliyoipenda zaidi ni ya rubani Mbelgiji Edmond Thieffry, aliyeondoka Brussels tarehe 12 Februari 1925 na kufika Léopoldville, Kinshasa ya leo, tarehe 3 Aprili. Watu walitaja jina la Thieffry tu, na Baba alikasirika kwelikweli. Walikuwa watatu! Kulikuwa na Léopold Roger, na kulikuwa na fundi, Jef De Bruycker. "Siku 51," alisema, "na angani hawakukaa hata siku nne kamili. Hizo nyingine walikuwa wapi? Chini."

Moteri ya puani mwa ndeke yao, Handley Page, ilikuwa Rolls-Royce Eagle. Eagle mbili ndizo zilizowavusha Waingereza Alcock na Brown, katika ndeke ya Vimy, juu ya Atlantiki bila kutua, Juni 1919, kutoka Newfoundland hadi Ireland, kwa muda wa saa 16 hivi. Hapo Baba alinyamaza kidogo kila mara. Hakuwahi kuiona bahari. Kilichomsumbua ni kwamba ndani ya Vimy ile hamkuwa na fundi, na chini hapakuwa na mahali pa kutua. Thieffry angeweza kutafuta kiwanja. Wale wawili wangetafuta nini? Kwa Baba, bahari ile ilivukwa kabla hawajaondoka, na watu waliobaki nyuma mikono yao ikiwa imejaa oili. Mimi namwamini mpaka leo.

Baadaye ndeke za jeti zikaja. Baba alizihudumia vizuri, lakini hatukuhesabu tena.

Aliniachia buji moja, kauri yake nyeupe imeingia wekundu wa kutu pembeni. Iko mezani hapa ninapoandika. Jumapili nilimpelekea Mama ainuse. Kwangu harufu ya oili imekwisha kabisa. Yeye aliishika puani muda mrefu, akaifunga kwenye ncha ya kitenge chake, akasema bado ipo.