Usiku wa kuchagua mchele Langoni

Nilihamia Lamu mwaka 2012 nikitoka Voi, kazi ya ukarani ndio ilinipeleka, na kila nikisikia mtu akisema amehamia mji mgeni na watu ni wakarimu sana lakini rafiki hana, mimi namuelewa kabisa. Safari siisemi sana. Basi la Mombasa, Malindi, Garsen, Witu, barabara miaka ile kutoka Garsen ilikua bado ya vumbi, unafika Mokowe nywele zimekua nyekundu alafu unaingia boti.

Nikapata chumba mtaa wa Langoni, orofa ya juu ya nyumba ya zamani ya mawe, na chini alikua akikaa mwenye nyumba, mama mtu mzima tulokua tukimuita Bi Mkubwa, pamoja na mabinti zake na wajukuu. Njia ya kupita pale mlangoni ni nyembamba, punda akija na mzigo wa mchanga lazima ujibane ukutani mpaka apite, na juu ya kichwa kuna wikio, yaani chumba kimejengwa juu ya njia kikaunganisha nyumba ya Bi Mkubwa na ya ndugu yake ng'ambo, kwa hiyo wanawake wa nyumba hizo mbili wanatembeleana bila kukanyaga nje. Mimi nilikua nawasikia tu. Nikiwa kitandani nasikia nyayo, vicheko, mtoto analia, mtu anaitwa, maisha yote yanapita ubavuni mwangu.

Na kunikirimu walinikirimu, hilo nalisema kwa moyo wangu wote. Sahani ilikua ikija imefunikwa, mara mahamri na mbaazi, mara samaki wa kupaka, Ramadhani ndio usiseme kabisa, mimi Mkristo sifungi lakini jua likizama nagongewa mlango. Watoto wananibusu mkono. Nikishuka kusalimia navutiwa kiti, naletewa juisi ya ukwaju na kitambaa cha kufutia mkono, alafu wao wanaendelea na kazi zao pale kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, mmoja anakuna nazi mwengine anakata vitunguu, na mazungumzo yao yanapungua sauti kidogo kwa heshima yangu. Nikisema nisaidie naambiwa "la, wewe keti, wewe mgeni wetu." Miezi ikapita hivyo. Narudi juu nimeshiba na nikifika chumbani natokwa na machozi, na ukiniuliza nalia nini singeweza kukueleza kwa sababu hakuna mtu alonikosea.

Sasa mjukuu wa Bi Mkubwa akaposwa na arusi ikakaribia. Wale wanaojua arusi za Lamu wanajua si jambo la siku moja, kuna siku ya hina, kuna vugo wanawake wakigonga pembe na kuimba, na kuna hiyo pilau ambayo lazima itoshe mtaa mzima na waliotoka Shela na Matondoni na visiwani huko. Pilau ya watu wengi hivyo inaanza na mchele, na mchele unaanza na kuchaguliwa, punje kwa punje, kutoa mawe na chuya. Jioni moja natoka kazini nakuta magunia ya kilo hamsini hamsini yamepangwa ukumbini na mikeka imetandikwa kiwanda kizima, wanawake wamekaa duara, kila mmoja na uteo wake, yaani ungo.

Nikapiga hodi, nikavutiwa kiti kama kawaida. Nikakaa. Jirani yangu pale alikua mwanamke wa rika langu, nilikua nikimuona akishona kofia za mkono kwao dirishani lakini hatujawahi kuzungumza zaidi ya salamu. Mtoto wake akaanza kulia ndani akataka kwenda kumnyonyesha, akainuka, akatafuta pa kuweka uteo wake, na bila kunitizama sana akaniwekea mimi mapajani. "Nishikia," akasema, akaenda.

Basi nikateremka kwenye mkeka nikaanza. Mimi kwetu ni Wundanyi, kwenye milima ya Taita, mahindi na maharagwe nimepepeta tangu nikiwa mdogo, uteo mkononi mwangu si kitu kigeni, nikautikisa, nikapuliza makapi, nikaanza kutoa chuya. Hakuna aliyenikataza. Bi Mkubwa alinitizama muda mfupi kisha akasukuma kopo la mchele likaja mbele yangu, "ukimaliza huo na huu."

Alafu stima ikapotea. Stima ya Lamu siku zile ilikua ya majenereta ya dizeli na kupotea lilikua jambo la kila mara, watu wakasema ah, kandili ikaletwa, simu za tochi zikasimamishwa ndani ya gilasi, na tukabanana karibu na mwangaza magoti yakigusana. Mimi naamini lile giza lilinifaa kuliko kitu chochote, maana nyuso hazionekani vizuri na mkono ulioko kwenye uteo ni mkono tu. Sauti zao zikarudi vile nilivyokua nazisikia kutoka juu. Yule mwenye kofia akarudi na mtoto begani, hakudai uteo wake, akachukua mwengine akakaa ubavuni kwangu akaniuliza mamangu yu hai? Nikamwambia yu hai, analima kabeji na viazi mlimani. Wote wakataka kujua baridi ya mlimani ikoje, mtu analala na blanketi ngapi, na nazi tunapata wapi kama huko hakuna minazi.

Mmoja wao, mama mnene mpole, akasema yeye ni wa kisiwa cha Pate, aliolewa Lamu akiwa msichana na mwaka wa kwanza alikua akienda pwani kutizama boti za kwao zikingoja maji yajae zipate kupita Mkanda, ule mkondo mwembamba wa bahari, na kila boti ikiondoka anatamani kujitupa ndani. "Nalilia hata harufu ya moshi wa kwetu," akasema. Mimi nilikua nadhani wale wote wamezaliwa pale pale wakiwa wamejuana. Nikawaeleza basi, vile ninavyosikia nyayo usiku juu ya wikio na vile ninavyolia. Kimya kidogo, alafu mwenye kofia akanipiga kofi la begani akasema mbona hushuki? Nikamwambia nikishuka naekwa kitini. Bi Mkubwa akacheka mpaka akaweka uteo chini. "Basi kuanzia leo kiti huna. Ndoo wakati wowote, mtele haujichagui." Kwa Kiamu ndoo ni njoo, na mtele ni mchele.

Tulimaliza usiku mkubwa. Siku ya arusi mimi ndiye nilikua na birika na beseni nikiwanawisha wageni mikono, na kwenye vugo mwenye kofia alinipa pembe yake na kijiti akanionyesha pigo.

Wiki iliyofuata naingia kutoka ofisini, hata viatu sijavua, Bi Mkubwa akanituma dukani iliki, hakuniuliza kama nimechoka wala kama nina nafasi. Nikaenda mbio. Niliporudi akafungua karatasi, akanusa, akasema hii ni ya mwaka jana, mrudishie mwenyewe. Mwenye kofia akajitanda buibui tukatoka pamoja, na yule muuzaji alipoanza maneno ati huyu dada ni mgeni hajui iliki, mwenzangu akamjibu, "mgeni wa nani? Huyu ni wetu, tupimie nyengine."