Elkmont: nyumba zipo, wenyewe hawapo

Ukitaka kujua mtu anavyoweza kukuuzia hata kivuli, pita Gatlinburg, Tennessee, Jumamosi ya Oktoba, majani yanapogeuka rangi. Kuegesha gari tu dola 20, na hapo hujanywa hata maji. Mpwa wangu, aliyenitoa Knoxville kwa maneno ya "mjomba, twende Elkmont tukaone mji wa mizimu", akataka tule chapati zao nene zilizomwagiwa shira. Sahani mbili, dola 38. Nilikula kwa hasira, nikamaliza.

Tulikaa siku tatu. Mbili sizisimulii: Kuwohi, kilele kirefu kuliko vyote kwenye hifadhi ya pale, kilikuwa ukungu mtupu.

Hifadhi yenyewe, Great Smoky Mountains, haina kiingilio. Wanachodai ni stika ya maegesho, dola 5 kwa siku, kama unasimama zaidi ya dakika 15. Hilo tulilijua tumeshafika Elkmont, ndani ya hifadhi, kwenye kibao, mahali ambapo simu haishiki mtandao hata ukiinyanyua juu ya kichwa. Tukarudi hadi kituo cha wageni cha Sugarlands, tukapanga foleni kwenye mashine, tukageuza tena. Saa nzima imekwenda. Mpwa alikuwa amenyamaza kabisa.

Elkmont ilianza 1908, kambi ya kampuni ya mbao. Matajiri wa Knoxville wakawa wanadandia treni ya magogo kuja kuvua samaki na kuwinda. 1910 wakaunda klabu yao, na 1912 hoteli ya Wonderland ikafunguliwa kilimani. Barabara tuliyoipanda ndiyo iliyokuwa njia ya reli. Hoteli haipo tena, iliporomoka 2005. Kilichobaki ni safu ya vijumba vya mbao, mtaa waliouita Daisy Town, ambavyo hifadhi imevikarabati: rangi safi, milango wazi, ndani hakuna hata kigoda. Sikuona mzimu. Kilichonishtua kilikuwa msituni, dohani za mawe zimesimama peke yake kati ya miti. Nyumba zimeondoka, meko yamebaki yakisubiri moto.

Kwenye baraza la kijumba kimoja alikaa bibi wa kizungu, umri wa mama yangu mkubwa. Nikamwamkia, maana mimi kumpita mtu mzima kimya siwezi, hata ugenini. Lo, kumbe alikuwa anasubiri wa kumsimulia! Likizo zake zote za utotoni zilikuwa hapa, kwenye nyumba ya babu yake, hatua chache kutoka pale. Akatuonyesha walipoanika nguo za kuogelea, na mti ambao kaka yake alianguka akavunjika mkono. Mpwa alinitazama mara mbili, njaa imerudi. Nikajifanya sijamwona.

Hifadhi ilipoanzishwa 1934, alisema, wenye nyumba hizi walipewa kuchagua: uchukue bei kamili uondoke, au uchukue nusu ya bei uendelee kukaa mpaka ufe. Familia yake ilichukua nusu. 1952 mikataba ikabadilishwa kuwa ya miaka 20, ili umeme uweze kuvutwa. 1972 wakaongezewa 20 mingine. 1992 ikawa mwisho.

"Walitufukuza," akasema, machozi yakamlenga. "Walitufukuza kama wageni."

Nilitafuta neno la pole nikalikosa. Mimi ni wa Kisiwani, Same, chini ya milima ya Upare. Ng'ambo ni Mkomazi. Mjomba wangu alichunga humo mpaka 1988, wafugaji walipoondolewa. Sasa hivi ni hifadhi ya taifa. Nikapiga hesabu kichwani: kutoka 1934 hadi 1992 ni miaka 58. Mjomba hakuambiwa achague bei yoyote. Nilitaka kumkasirikia yule bibi, nikashindwa, kwa sababu alivyopapasa ule mwimo wa mlango ndivyo mjomba anavyotaja ng'ombe wake mmoja mmoja kwa majina, ng'ombe ambao hawapo miaka na miaka.

"Na wewe kwenu wapi?" akauliza.

Nikamwambia Tanzania, kijiji kilichopakana na hifadhi.

"Bahati iliyoje! Tembo mnawaona kila siku?"

"Tunawaona," nikasema. "Huja usiku, shambani."

Akacheka, akadhani natania. Akaomba mpwa ampige picha mlangoni. Akasimama amejishika kiuno, kidevu juu, kama mwenye nyumba anayekaribisha wageni. Mpwa alipiga tatu. Kisha akatuambia tusikose kurudi Juni, vimulimuli wa pale huwaka na kuzima kwa pamoja, msitu mzima. Ila kupata nafasi ni kwa bahati nasibu, na nayo unalipia. Ningeshangaa wasingetoza.

Kwenye gari mpwa, aliyezaliwa hukuhuku Marekani na Kisiwani ameifika mara moja tu, aliuliza, "Mjomba, hivi babu wa Kisiwani alikuwa na ng'ombe wangapi?"

Sikujua. Tulipotokea Gatlinburg simu ikashika mtandao, nikalitafuta jina la mjomba. Kwetu ilikuwa saa sita usiku. Nikairudisha simu mfukoni, tukatafuta pa kuegesha.