Kuchora pateni ya koti lililojazwa pamba

Ukichukua pateni (karatasi ya kukatia) ya koti la kawaida ukalijaza pamba, litakubana, hata kama vipimo vilikuwa sahihi. Pamba inakula nafasi kwa ndani. Zidisha unene wa tabaka zote tatu, yaani kitambaa cha nje, pamba na bitana, kwa 6.3: hiyo ndiyo nafasi inayopotea kuzunguka kifua. Tabaka zenye unene wa milimita 6 zinakula karibu sentimita 4.

Tuchukue kifua cha sentimita 96. Koti la kuvaliwa juu ya sweta linataka nafasi ya sentimita 16, ongeza 4 za unene, jumla 116. Gawa kwa nne: nusu ya mgongo inakuwa na upana wa 29, na kila kipande cha mbele 29 hadi katikati. Kama litafungwa kwa vifungo, mbele ongeza sentimita 3 za kupishana. Chora vyote bila nafasi ya mshono kwanza, nafasi hiyo ije mwisho.

Shingo ya sentimita 38 ukiigawa kwa tano unapata 7.6; weka upana wa 8.5 kila upande, kwa sababu ukingo mnene huikaba shingo. Kina cha nyuma 2.5, cha mbele 9. Bega lishuke sentimita 4, kisha lirefushe lipite mfupa kwa sentimita 4. Kina cha kwapa ni robo ya kifua ukiongeza 3, yaani 27, kutoka ncha ya bega penye shingo. Penso, yaani mikunjo inayoshonwa ili nguo ifuate mwili, ziache kabisa. Penso kwenye kitambaa chenye pamba hutengeneza nundu ambayo pasi haiiondoi.

Mkono ndio unaoharibu makoti mengi. Kwa kitambaa chembamba, kichwa cha mkono, yaani sehemu ya juu iliyopinda, unaweza kukivuta kiingie kwenye kwapa hata kikizidi sentimita 3. Chenye pamba hakikubali, kitakunjamana tu. Pima mzunguko wa kwapa kwa tepu iliyosimama kwa ubavu, juu ya mstari wa mshono na si ukingo wa kukatia. Kichwa cha mkono kiwe na kimo cha sentimita 11, na mzunguko wake usizidi kwapa kwa zaidi ya sentimita 1. Urefu wa mkono toa zile 4 za bega, kisha rudisha 1.5, maana kiwiko kikikunjwa mkono mnene hupanda juu.

Kujaribia, tumia blanketi kuukuu. Kitambaa chembamba cha majaribio kitakudanganya.

Sasa usikate. Shona mistari ya pamba kwanza, ukate pateni baadaye, kwa sababu kila mstari unavuta kitambaa. Fua kitambaa kilichofumwa kwa pamba kabla ya yote, kisha tengeneza kipande cha majaribio cha sentimita 30 kwa 30, kishone mistari, kifue, kipime. Kikirudi 29, unajua kinachopotea. Pateni isiguswe, kinachoongezwa ni ukubwa wa kipande cha kushona, angalau sentimita 5 kila upande.

Piga bandi, yaani mshono wa muda wa kushikilia, kila baada ya sentimita 10, tabaka zote tatu pamoja. Ndipo ushone mistari: anza na wa katikati, uelekee pembeni, na mistari yote ianzie upande mmoja, juu kwenda chini. Ukishona mmoja kwenda na mwingine kurudi, kitambaa kinapinda na mawimbi yanatokea katikati ya mistari. Nafasi ya sentimita 5 hadi 7 kati ya mistari inatosha, sindano namba 90, urefu wa kila tundu la uzi milimita 3 au 3.5, na legeza kidogo mguu wa cherehani usiikandamize pamba. Kama mistari yako ni ya mlalo, weka alama kwenye pateni sentimita 3 chini ya kwapa, mbele na nyuma, mstari upite hapo hapo ili ikutane ubavuni.

Nafasi ya mshono iwe sentimita 1.5. Baada ya kuunganisha, fungua bandi na upunguze pamba iliyo ndani ya mshono, hadi karibu na uzi. Bila hivyo bega linakuwa kama kamba. Pindo la chini na la mikono usiliongezee kitu: halikunjwi, linafungwa kwa utepe wa mshazari (uliokatwa kwa pembe ya kitambaa) wenye upana wa sentimita 5.