Komeo la mlango wa babu

Mwaka 2014 baba mdogo alikuja likizo Kongwa, mkoani Dodoma, akitokea Goma, mashariki mwa Kongo. Alikuwa kwenye ile brigedi ya Umoja wa Mataifa iliyoundwa na Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, ambayo kamanda wake wa kwanza alikuwa Brigedia Jenerali James Mwakibolwa. Sisi vijana tulitaka habari za kupigwa kwa waasi wa M23. Babu alikuwa na swali moja tu: hao askari wa Afrika Kusini wanabeba bunduki gani?

Alikuwa na sababu ya kuuliza. Kuanzia 1964 Kongwa ilikuwa na kambi za wapigania uhuru, pale pale Waingereza waliposhindwa na mradi wao wa karanga. FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini na SWAPO ya Namibia walikaa hapa. Chris Hani, mpiganaji maarufu wa ANC, alikaa hapa. Babu, akiwa kijana, aliwauzia maziwa, na baadhi yao makaburi yao tunayo mpaka leo. Kwake Kalashnikov ilikuwa bunduki ya vijana wale, na silaha ya makaburu ilikuwa kitu kingine kabisa.

"Wanabeba R4, wameiunda kwao," baba mdogo akajibu. "Ila ndani, mzee, ni ukoo mmoja na SMG yetu, yaani Kalashnikov."

Babu akakataa katakata. Baba mdogo akainuka, akashika komeo la mlango wa chuma, akalisukuma mpaka likaingia, kisha akakilaza kishikio chake. "Hapo limefunga. Ukilivuta tu halitoki, mpaka ulizungushe kwanza." Akatueleza kwamba ndani ya Kalashnikov kuna komeo kama hilo, lenye masikio mawili. Risasi ikilipuka, sehemu ya gesi hupenya tundu lililo juu ya mtutu na kusukuma pistoni nyuma. Pistoni inalizungusha komeo, linafunguka, ganda linaruka nje, springi inarudisha kila kitu mbele na risasi nyingine. Vipuri vyake havikubanana, kwa hiyo vumbi halivikwamishi kirahisi. Alisema hayo huku akilizungusha komeo, na kutu ilikuwa inamdondokea viganjani.

Kisha akafuata ukoo. Wafini walichukua muundo wa Kalashnikov wakatoa Rk 62. Waisraeli, ambao bunduki zao za FAL ziliwasumbua kwenye mchanga katika vita vya 1967, wakaanzia kwa hiyo ya Wafini wakapata Galil, inayotumia risasi nyembamba ya milimita 5.56. Novemba 1977 Baraza la Usalama likapiga marufuku kuiuzia Afrika Kusini silaha. Makaburu wakaichukua Galil, wakarefusha kitako ili kiwatoshe askari wao, wakakitengeneza kwa plastiki ngumu badala ya chuma, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 R4 ikaingia jeshini. Ikapelekwa kaskazini mwa Namibia, kupambana na SWAPO.

Hapo babu akasimama. "Kwa hiyo watoto wale walipigwa kwa bunduki yao wenyewe?"

Nilimwona anatetemeka mdomo. Mpaka leo nadhani hakuna aliyeielewa historia ya bunduki ile kuliko yeye, kwa sentensi ile moja. Watu husifu silaha iliyoundwa nyumbani kana kwamba imezaliwa hapo. Kazi ya mafundi wa R4 ilikuwa kubwa kweli, maana kuitoa bunduki kiwandani kwa maelfu, kila kipuri kikiingia mahali pa mwenzake, si mchezo. Lakini walianza na komeo la mtu mwingine, na walilihitaji kwa kazi ya kuwaua waliokuwa wakinywa maziwa ya babu.

Baba mdogo hakubisha. Alisema R4 hiyo hiyo sasa ilikuwa lindoni pamoja na SMG zetu, upande mmoja, na kwamba alikula sahani moja na askari wa kule.

"Wanaijua Kongwa?" babu akauliza.

"Niliowauliza hawaijui, baba."

Babu akamwambia akirudi Goma awaambie. Akaanza kumtajia, mmoja mmoja, majina ya vijana aliowauzia maziwa, na baba mdogo akatoa simu yake akawa anaandika.